Tusiombe Amani kwa Midomo Mitupu

Kila dominika, mahubiri yakiisha na Nasadiki ikiisha kuimbwa, msomaji mmoja hupanda mbele na karatasi mkononi. Husoma: "Tuwaombee watu wote wanaoteseka, ili Bwana awape amani." Nasi twaitika: "Ee Bwana, utusikie." Wakati huo mama anatafuta franka za matoleo katika pindo la kitenge, baba anatazama saa, kijana anageuka kuona ni nani aliyechelewa kuingia. Dakika mbili hazijatimia, na sala ya waamini imekwisha. Twaketi. Matoleo yaanza.

Je, tumeomba nini? Tumemwombea nani? Mtu akitusimamisha mlangoni mwa kanisa na kutuuliza hivyo, wengi wetu tutatazama chini. Na hayo yafanyika katika nchi ambayo mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulihesabu ndani yake watu zaidi ya milioni 7 waliokimbia makwao. Wengine katika hao waliketi nasi katika benchi moja. Tuliitika pamoja nao, wala hatukujua kwamba walikuwa wakilia.

Twaandika maneno haya ili kushitaki. Washitakiwa wa kwanza ni sisi wenyewe.

Sala hii imetoka wapi?

Sala ya waamini si wimbo wa kupumzikia kati ya mahubiri na matoleo. Ni ya kale sana. Mwaka 155 hivi, Mtakatifu Yustino, mwalimu aliyekufa shahidi huko Roma, alimwandikia Kaisari kumweleza mambo wafanyayo Wakristu siku ya dominika. Alieleza kwamba masomo yakiisha kusomwa, na msimamizi akiisha kuwaonya watu, wote husimama pamoja na kusali. Ndipo huletwa mkate na divai. Na wenye mali hutoa kila mtu apendavyo, kisha msimamizi huwasaidia kwa vitu hivyo yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Tazameni vizuri, ndugu. Katika kanisa lile la kale, mdomo ulioomba na mkono uliotoa vilikuwa vya mtu mmoja, siku moja, mahali pamoja. Hawakuwaombea wafungwa dominika na kuwasahau jumatatu.

Baadaye, kwa muda wa karne nyingi, sala hii ilitoweka katika Misa ya Roma, ikabaki katika ibada ya Ijumaa Kuu tu. Wazee wetu wa zamani za misioni hawakuipata kila dominika. Ilirudishwa na Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika Katiba ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963. Mtaguso ulitaja pia watakaoombewa: Eklezya takatifu, wenye kutawala, wale wanaolemewa na shida mbalimbali, na wanadamu wote kwa wokovu wa dunia nzima. Basi wanaoteseka hawakuongezwa na padri fulani mwenye kupenda siasa. Wamewekwa na Mtaguso wenyewe.

Sisi wa Kongo tulipewa zaidi. Misale ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, yatuagiza kuungama makosa yetu tukiisha kusikia Neno la Mungu, kisha kupeana amani, na ndipo kuleta maombi yetu. Utaratibu huo una maana. Kwanza mtu akubali kosa lake. Halafu amshike mkono jirani yake. Halafu afungue kinywa kuomba. Lakini mara nyingi tunapeana mikono kwa vicheko, na yule tuliyemkosea amekaa benchi la nyuma, hatukumfikia.

Wasemao kwamba sala ni usingizi

Wako wanaotucheka. Hao wasema: "Mnasali tangu mwaka 1960, na vita vinaendelea. Rozari haizuii risasi. Acheni magoti, tafuteni bunduki." Vijana wengi wasema hivyo, na si wabaya. Wamezika ndugu zao, na uchungu umewafanya wakali. Hatuwezi kuwajibu kwa maneno matamu.

Twawauliza jambo moja tu: kama sala ya pamoja ni usingizi, kwa nini wenye bunduki waiogopa hivi?

Tarehe 16 Februari 1992, siku ya dominika, Wakristu wa Kinshasa walitoka katika parokia zao wakishika rozari, mishumaa na matawi. Waliomba kwamba Mkutano Mkuu wa Taifa, ambao serikali iliufunga mwezi Januari, ufunguliwe tena. Askari waliwapiga risasi, na watu wengi wakafa. Mwezi Aprili mwaka uleule Mkutano ulifunguliwa. Tena tarehe 31 Desemba 2017, Wakristu walei walipotaka kuandamana baada ya Misa, mabomu ya machozi yalirushwa hata ndani ya makanisa. Tarehe 21 Januari 2018, Thérèse Kapangala, msichana aliyetamani kuwa sista, aliuawa kwa risasi penye kanisa huko Kintambo. Nani apoteza risasi zake kwa kumpiga mtu aliyelala? Wakubwa wale walielewa jambo ambalo sisi tumelisahau: watu wanaosali pamoja kwa ajili ya haki wamekwisha kuacha kuogopa peke yao. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Lakini tusijidanganye, wala tusiwadanganye wengine. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Julai 2025, huko Komanda katika Ituri, waamini wa parokia ya Mwenyeheri Anuarite walikuwa wakikesha katika sala. Watu wa ADF waliwaingilia na kuwaua zaidi ya 30. Walikuwa wakisali, na walikufa. Basi asitokee mtu kutuambia kwamba mwenye kusali vizuri hapatwi na neno. Nani atathubutu kumwambia mama wa Komanda kwamba mtoto wake hakuwa na imani ya kutosha? Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alisali katika shamba la Getsemani mpaka jasho likamtoka, na kesho yake wakamsulibisha. Sala yake haikuondoa msalaba. Ilimfanya aupokee bila kumchukia mtu, na siku ya tatu Baba akamjibu.

Hiyo ndiyo imani yetu. Sala si dawa ya mganga ya kufukuzia risasi. Ni kumpa Mungu machozi yetu ili yasigeuke kuwa sumu.

Baba yetu, si Baba yangu

Wako wengine wanaoharibu sala kwa njia nyingine. Katika kila mtaa wa miji yetu utasikia vipaza sauti usiku kucha: nipe kazi, nipe mume, nipe gari, angusha adui zangu kazini. Hata katika makundi yetu ya Wakatoliki ugonjwa huo umeingia. Vita vikiwa kilomita kumi kutoka hapo, watu wanalipia maombi ili biashara yao ifunguke.

Hatusemi kwamba ni vibaya kumwomba Mungu kazi au mtoto. Baba husikia shida ndogo na kubwa. Lakini Yezu alipofundisha wanafunzi wake kusali, hakuweka katika vinywa vyao neno "nipe" hata mara moja. Aliweka "utupe", "utusamehe", "utuopoe". Kila mtoto wa katekismu ajua sala ile, lakini ni wangapi wameona kwamba hakuna "mimi" ndani yake? Mtu akisema "utupe mkate", na nyuma ya nyumba yake kuna wakimbizi ambao hawakula tangu jana, basi ameomba pia kwa ajili yao, apende asipende. Akiisha kuomba hivyo, kisha akafunga mlango wake, ameikana sala yake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo twasema: mtu akisali peke yake kwa ajili ya amani, amefanya vema. Lakini sala ya amani ina nyumba yake, nayo ni kusanyiko. Peke yangu naweza kumsahau yule nisiyempenda. Katika kusanyiko yuko mbele yangu.

Tumwombee adui naye

Hapa tunafika mahali panapouma. Wengi wetu twasema "amani" na moyoni twasema "ushindi". Twaomba: "Bwana, ulinde watu wetu," na maana yake ni kabila letu. Twawaombea wafu wetu kwa majina, na wafu wa wengine hatutaki kuwahesabu. Wako waliogeuza hata sala ya waamini kuwa mkuki: wanawatukana watu wa lugha fulani mbele ya altare, na waamini wanaitika "utusikie". Ole wetu, maana Mungu husikia kweli.

Kuna ndugu zetu, waliozaliwa hapa, waliobatizwa pamoja nasi, ambao siku hizi wanaogopa kufungua kinywa sokoni kwa sababu ya lugha yao. Watu wanawapima kwa pua na urefu, kisha wanawahukumu kwa makosa ya askari wasiowajua. Ukimtazama hivyo mtu uliyepokea naye Komunyo moja, umemwomba Mungu amani ya namna gani? Na ninyi mnaotafuta kulindwa kwa bunduki za wengine, na kunyamaza wakati bunduki hizo zinapoua majirani zenu, ninyi pia tunawauliza: mmeomba amani ya namna gani? Haki haina kabila. Aliyeua ahukumiwe kwa kuua, si kwa jina la babu yake.

Wako waliotuonyesha njia. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu aliwatetea wenyeji, akawatetea pia wakimbizi waliotoka Rwanda, wakati ambapo watu wengi walimtaka achague upande mmoja. Aliuawa mjini kwake tarehe 29 Oktoba 1996. Sista Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alimsamehe yule aliyemwua, na tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa pili alimtangaza Mwenyeheri huko Kinshasa. Wao hawakusema kwamba uovu si uovu. Waliuita kwa jina lake, lakini hawakumpa nafasi ya kukaa mioyoni mwao.

Tutaje mateso, tusifichefiche

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Maombi yetu mengi yanaficha maradhi. "Tuwaombee wanaoteseka duniani." Dunia ni kubwa, mtu anayeteseka "duniani" hatuhitaji kumpelekea chakula. Lakini tukisema, "Tuwaombee jamaa watatu walioingia katika shirika letu wiki hii wakitoka kwenye mapigano, wanaolala katika chumba cha shule," hapo mwamini hawezi kuitika na kutazama saa. Atageuka kutafuta walipoketi.

Tarehe 1 Februari 2023, marehemu Papa Fransisko alikutana Kinshasa na watu waliotoka mashariki, waliojeruhiwa na vita. Walisimulia mateso yao wenyewe, kwa vinywa vyao, wakaweka chini ya msalaba vitu vilivyowatesa, pamoja na panga. Huo ndio mfano wa sala ya kweli. Hawakusoma karatasi iliyonakiliwa kitabuni. Walileta panga lenyewe.

Mtu atasema: "Tukitaja hayo, tutashitakiwa kwa siasa." Twajua hatari hiyo, na hatuichekei. Mwaka 2025, Goma ilipotekwa na M23 mwezi wa Januari, na Bukavu mwezi wa Februari, watu wengi walijifunza kunena kwa sauti ya chini. Ni rahisi kuwa shujaa kwa kichwa cha mwenzako. Sisi hatumwagizi msomaji kijana apande mbele na kutaja majina ya wenye bunduki. Si lazima kumtaja mwuaji; Mungu amjua. Lakini aliyeuawa ana jina, na jamaa zake wakikubali, jina lake litajwe. Mama aliyeporwa mbuzi zake, mwanafunzi asiyejulikana aliko, mgonjwa aliyekosa dawa kwa sababu barabara imefungwa, hao wana nafasi katika sala ya Eklezya. Kutaja taabu yao si siasa. Kuwaficha ndiyo siasa, tena siasa ya mwenye nguvu.

Na tuwaombee wenye kutawala, kama Mtume Paulo alivyomwagiza Timoteo. Lakini kuwaombea si kuwasifu. Wakati mwingine sala kwa ajili ya wakubwa imekuwa shukrani kwa benzini waliyotoa na mabati waliyoahidi. Tumwombee mkubwa aogope Mungu, asile mshahara wa mwalimu, asiwaache askari wake bila chakula hata wakamla raia. Hiyo ndiyo heshima ya kweli kwa mkubwa.

Mikono inayoinuliwa

Linabaki shitaka la mwisho, nalo ni zito kuliko yote. Nabii Isaya aliwaambia watu wa zamani kwamba Mungu hataki kutazama mikono inayoinuliwa katika sala ikiwa imejaa damu. Sisi twajitetea upesi: "Mikono yetu haina damu. Damu iko kwa wenye bunduki." Ni kweli yote?

Yule anayetoza kodi mara mbili kwenye barieri, dominika yuko kwaya. Yule anayenunua madini bila kuuliza yametoka wapi na nani amefukiwa shimoni, ametoa saruji ya kanisa. Yule anayepandisha bei ya unga siku wakimbizi wanapoingia mjini, ni mkubwa wa kundi la sala. Mwenye nyumba anawatoza waliokimbia bei ya maradufu, kisha anasimama na kuitika: "Ee Bwana, utusikie." Vita vina majenerali, lakini vina pia wenye maduka. Vingekufa njaa kama vingekosa wateja.

Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko wa Bukavu aliyasema mambo hayo katika barua yake ya Noeli ya mwaka 1999. Aliwalaumu wageni na wenyeji pia waliojitajirisha kwa vita. Mwezi Februari 2000 waliokuwa na nguvu mjini walimzuia kukaa katika jimbo lake, wakamweka Butembo kwa muda wa miezi saba. Alirudi Septemba, na tarehe 4 Oktoba 2000 akafariki huko Roma.

Tena tunaye kijana wa kututia haya. Floribert Bwana Chui alifanya kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia Goma. Alikuwa mtu wa jumuiya ya Sant'Egidio, akisali na wenzake na kuwafundisha watoto wa barabarani. Walimletea rushwa ili apitishe chakula kilichooza. Alikataa, maana kingeliwa na watu maskini. Mwezi Julai 2007 walimteka wakamwua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Eklezya ilimtangaza Mwenyeheri huko Roma. Kijana huyu hakuandamana siku ile, wala hakushika bendera. Alikuwa ofisini, mbele ya mfuko wa fedha. Aliyoyaomba jioni na wenzake, aliyatenda mchana peke yake. Kama kila Mkristu wa Kongo mwenye muhuri mkononi angesali kwa namna hiyo, wenye vita wangepitia wapi na mizigo yao?

Basi tufanye nini?

Kwanza, maombi ya dominika yasiandikwe na mtu mmoja usiku wa jumamosi. Kila shirika liulizane katikati ya wiki: nani amefiwa, nani amefika, nani amedhulumiwa, nani amedhulumu? Katekista akusanye hayo, na padri ayasome kwanza, ili yasiingie matukano wala mambo yatakayomletea mtu hatari.

Pili, maombi yawe machache, na baada ya kila moja pawe na kimya kidogo. Tumezoea kuogopa kimya kanisani, tunakijaza ngoma mara moja. Tumwachie Mungu nafasi ya kutuuliza jambo.

Tatu, kila tunachokiomba kiandamane na kitu. Tukiwaombea wakimbizi, kikapu cha unga na maharagi kipelekwe mbele siku ileile, kama walivyofanya watu wa Yustino. Tukimwombea mfungwa, wateuliwe wawili wa kwenda kumwona. Tukiomba haki, yule aliyemtoza mwenzake isivyo haki arudishe, kabla ya kusogea kwenye Komunyo.

Nne, kila dominika liwepo ombi moja kwa ajili ya wale tusiowapenda. Litatukwama kooni. Tuliseme hivyohivyo.

Mtu atatuuliza: mkifanya hayo yote, je, vita vitakwisha? Hatuwezi kumwahidi. Walio na silaha wana masikio yao, na wanaowanunulia silaha wako mbali. Lakini twajua hili: vita vikitukuta tunasali hivi, havitatugeuza kuwa watu wa vita. Na siku vitakapokwisha, patakuwa bado na watu wanaoweza kukaa katika benchi moja.

Dominika ijayo msomaji atapanda mbele na karatasi yake. Kabla ya kuitika, tugeuze macho, tumtafute aliyeketi nyuma peke yake. Halafu tuseme kwa pamoja: Ee Bwana, utusikie.